Mzee Zabron Nzunda na Saa za Nchi Mbili

Zabron Nzunda, ambaye leo tarehe 18 Septemba 2024 tunamrudisha kwenye udongo wa baba yake hapa Isansa, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tano na wa mwisho wa Mzee Jonasi Nzunda na Mama Marta. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mkunga alishika mkia wa ng'ombe ili afike, na ng'ombe mwenyewe alikuwa anauliza njia. Anayebisha akamuulize ng'ombe. Dada yake Elina, aliyekuwa na miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na baada ya hapo aliendelea kumbeba kwa mazoea.

Alianza shule mwaka 1960, akamaliza darasa la nane mwaka 1967. Nyumba ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja wa kwenda shule, kwa hiyo Elina akabaki na mbuzi. Jioni Zabron alikuwa akimsomea dada yake kila alichokutana nacho njiani: maandishi ya gunia la kahawa, ya kopo la mafuta, ya msalaba wa kaburi. Elina naye alimlipa kwa hadithi. "Wewe unasoma kilichopo," alimwambia. "Mimi nasoma kisichokuwepo."

Reli ya kwenda Zambia ilipoanza kazi, Zabron aliajiriwa kituo cha Tunduma mwezi Agosti 1976, kwanza kubeba mizigo, halafu ukarani. Elina alikwenda kuishangaa treni aliyoipokea ndugu yake siku ya kwanza. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba kichwa kilikuwa Tunduma kinapumzika, na mkia uko Mlowo unaomba ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1981 marehemu alikabidhiwa ubao wa ratiba. Karatasi zilikuja zimechapwa, zina harufu ya wino, naye alizibandika kwa uji wa mahindi uliopoa. Lakini karatasi ile ilikuwa na saa za reli peke yake, zile za kuhesabu mpaka ishirini na nne, na Tunduma ni mji wa mpakani. Ukivuka hatua chache tu uko Nakonde, na huko saa iko nyuma yetu kwa saa moja nzima. Basi Zabron akachora kwa mkono safu mbili pembeni: moja ya saa zetu, nyingine ya saa za Zambia. Hakuna aliyemtuma.

Kwa safu zake tatu watu walipanga harusi, ubatizo, hata siku ya kumwachisha mtoto ziwa. Wamama wa samaki wakavu kutoka ng'ambo walikuwa wakimsalimu dirishani kwa Kibemba, yaani hujambo baba, na treni je: "Mulishani, batata, treni?" Naye aliwajibu kwa saa mbili, ya huku na ya kwao, bila kuinua macho.

Dirishani hapo ndipo alipompata mkewe, Ferista, binti wa Ikinga kule Ileje, aliyekuja na kapu la maharage akiwa anakwenda Mbeya. Binti aliuliza treni itafika saa ngapi. Akajibiwa. Akauliza tena. Akajibiwa. Mara ya tatu Zabron akamwambia, "Dada, ukiniuliza tena itabidi tuoane." Ferista akalizunguka jengo zima, akarudi, akauliza tena. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto wawili, Gwamaka na Atupele. Ferista alifariki mwaka 2009, na tangu hapo kikombe cha pili mezani kwa Zabron kilikuwa cha mgeni, na wageni walikuwa wachache.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo ndugu zake wameliafiki lisemwe hapa mbele ya watu, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema. Kijana wa Kasama, Rabson Sichone, alituma wazee kumposa Atupele. Zabron aliwatumia neno kwamba waje Jumamosi tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi. Saa nne ilifika, wageni hakuna. Ilipofika saa nne na nusu alifunga mlango. Saa tano kamili wazee wakatokea, wamevaa makoti, wanatoka jasho, na kila saa mkononi mwao inasema saa nne. Wakabisha hodi.

"Treni imeondoka," alisema Zabron akiwa ndani.

Elina alikuwa jikoni na sufuria ya wali. "Zabron, ulisema saa nne ya wapi?"

Zabron akatia komeo. Mtu aliyewaandikia watu saa za nchi mbili kwa miaka thelathini alisahau kutaja moja kwa wakwe zake, na kulikiri hilo kulimshinda. Wazee walirudi ng'ambo na njaa yao. Wiki mbili baadaye, tarehe 24, Atupele alibeba begi akaenda kupanda treni ya kumfuata Rabson. Baba yake alisimama mlangoni akasema, "Siku ukitaka kurudi, usiniulize saa."

Binti alikuwa mtiifu. Hakuuliza kwa miaka kumi na miwili.

Karatasi ya mwisho iliyochapwa iliingia ubaoni Januari 2015. Iliyofuata haikuja. Marehemu, mstaafu, alikuwa bado anakwenda kubandika, na baada ya kusubiri miezi mitatu alikwenda kuuliza. Kijana wa ofisini akamwonyesha simu. "Mzee, zote zimo humu. Likibadilika neno, ujumbe unaingia hapo hapo."

"Na asiye na humu?"

Kijana akacheka kwa heshima, akamvutia kiti.

Basi Zabron akawa anaiandika mwenyewe, kwa rula na kalamu ya wino, nyuma ya kalenda za kanisa za miaka iliyopita. Alikwenda na kibuyu cha uji, akabandika, akaketi kwenye benchi. Mbuzi walikuwa wanakuja kulamba uji, na ratiba ikaenda nao; kuna beberu mmoja pale Tunduma aliyekula treni za miezi minne, na Elina anaapa kwamba tangu hapo anapiga kelele kwa wakati. Watu walipita na simu zao mkononi. Kuna siku simu hizo zilishika mnara wa ng'ambo, zikajirudisha nyuma saa moja, abiria wakaachwa na treni, na kesho yake wakamzunguka mzee kama bwana harusi. Wiki moja. Halafu wakasahau. Alikuwa anahesabu wanaomuuliza saa. Mwaka 2019 walikuwa kumi na mmoja. Mwaka 2022 walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa anauliza choo.

Elina alimfuata siku moja pale benchini. "Hii safu ya Zambia unamwandikia nani? Wamama wa samaki wana simu mbili mbili."

"Kuna mtu anaweza kupita," alisema, akakunja kalenda yake.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwezi Mei mwaka huu. Miguu ilivimba, akalazwa, akarudishwa nyumbani kwake Tunduma, na Elina akahama Isansa kuja kumuuguza. Hakutoka nje tena. Ubaoni ilibaki karatasi ya Aprili. Alhamisi tarehe 12 Septemba, Elina alimwamuru Gwamaka apige simu Kasama, akaiweka karibu na mto wa mgonjwa bila kumwomba ruhusa. Simu ikapokelewa.

"Baba," ilisema sauti ya Atupele, "treni ya kurudi huko inapita saa ngapi?"

Mtu ambaye alikuwa hajaketi siku sita aliketi. Akaomba miwani, ingawa hakuna alichokuwa anasoma. "Jumamosi. Kasama unapanda saa mbili kasoro kumi ya huko. Tunduma unashuka saa nane na robo ya huku, saa saba na robo ya kwako. Usiitazame simu."

"Sawa, baba. Jumamosi."

Gwamaka akamvuta Elina nje, uso umembadilika. "Shangazi, treni ya Jumamosi ilihamishwa tangu Julai. Siku hizi inapita Jumanne. Ujumbe huu hapa."

"Kamwambie, kama una moyo huo."

Hakuwa nao. Wakampigia Atupele wakiwa nyuma ya nyumba. "Nimeiona, shangazi," alisema. "Lakini nilimuuliza yeye, sikuiuliza simu."

Jumamosi tarehe 14, Atupele na Rabson, waliosafiri kwa basi mpaka Nakonde, walivuka mpaka kwa miguu saa tano asubuhi. Hawakwenda nyumbani. Elina aliwapokea kituoni, wakaketi watatu kwenye benchi la Zabron, na reli imelala tupu kutoka upeo mpaka upeo. Walikaa wakisubiri ifike saa yake. Saa nane na robo Elina akasimama, na Atupele akachukua begi.

"Imechelewa?" aliuliza Zabron alipomwona binti yake.

"Hata dakika, baba."

Alimshika mkono. Baadaye akauliza, "Umekuja peke yako?"

"Mwenzangu amebaki stesheni. Hajakaribishwa kwenye nyumba hii."

Alimaliza kwanza chai yake. Kisha akasema, mbele ya dada yake na watoto wake wote wawili: "Mwambieni saa nne niliisema mimi, na sikusema ya nchi gani. Kosa ni langu. Aje." Gwamaka alikwenda mbio kumwita. Rabson aliingia, akapiga goti, na wakwe hao wawili wakaongea habari za mvua.

Nyumba ya marehemu iko hatua mia mbili kutoka relini, na treni ikipita, vikombe vyote hulia kabatini. Jioni ile alilitazama kabati kwa muda. "Treni za siku hizi zimekuwa nyepesi," alimwambia Elina. "Hata vikombe havikustuka." Akatabasamu. Elina, aliyewadanganya watu wa Isansa tangu enzi za mkoloni, alijua amekamatwa, akainuka kwenda kuviosha.

Zabron Nzunda alifariki Jumatatu tarehe 16 Septemba 2024, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto wawili, Gwamaka na Atupele. Mkwe mmoja, Rabson, aliyechimba kaburi hili na wenzake tangu alfajiri. Wajukuu watano, watatu kati yao hakuwahi kuwaona. Na dada, Elina, pekee aliyebaki kati ya watoto wa Jonasi. Mungu ampokee mtumishi wake, na amani aliyoitafuta muda mrefu imfunike sasa.