Wanahamia Ligi ya Randburg

Nilikuwa kwenye foleni ya teksi, vile vibasi vya kwenda mtaa wa La Rochelle, nyuma ya watu wawili wanaobishana kana kwamba sisi wengine tumelipa kiingilio. Papa Fiacre, rais wa timu ya soka ya Warundi, alitangaza kwamba msimu ujao wanahamia ligi ya Randburg, upande wa pili wa jiji. "Kule kuna mfadhili, mama. Kila timu inapewa randi elfu tano!"

Mama Léocadie, mweka hazina wa timu ya Wakongo, alicheka. "Na nauli ya wachezaji kila Jumapili, analipa nani?"

"Hiyo tutaona mbele ya safari."

"Papa, watu wanajaa uwanjani kuwaona mkipigwa na sisi. Huko Randburg nani anawajua hata awazomee?"

Rais aliiona foleni ya mtaa jirani wa Rosettenville, fupi na inayosogea, akasema kutoka kule atamalizia kwa miguu. Akahama. Papo hapo teksi yetu ikafika, na ile foleni yake mpya ikaganda. Akarudi mbio.

"Nyuma!" tulimfokea, na mimi ndiye niliyepaza sauti zaidi, maana nafasi yake nilishairithi.

Waliotutangulia walipopanda, kilibaki kiti kimoja, na juu yake Mama Léocadie alikuwa ameweka beseni lake la sambusa. Nikamwomba alitoe.

"Kina mtu," akasema.

"Nani?"

"Adui yangu." Akatoa kichwa dirishani. "Président! Eish, njoo upande!"

Wakaondoka wakibishana. Mimi nikabaki, wa kwanza kwenye foleni.