Barua Nilizomsomea Mama Akimana

Wasikilizaji wapendwa, naapa kwa mvi zangu zote na kwa meno manne yaliyobaki: nitakayosema leo ni kweli tupu. Chumvi nimeiacha nyumbani.

Leo tunamkumbuka mwalimu Illuminée Kabagwira. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, hapa Kigali, akiwa na miaka arobaini na tisa. Jana tuliondoa matanga kwao Gisozi. Illuminée Kabagwira, mwalimu wa lugha.

Mwaka 1999 alipanda ndege Kanombe, na masweta mawili, akaenda Leipzig, Ujerumani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mchana alisoma Kijerumani, jioni alifundisha Kiswahili. Mchana mwanafunzi, jioni mwalimu. Darasa lake lilikuwa la wastaafu kumi na wanne, kila mmoja angeweza kumzaa. Sasa nani amwamkie nani? Illuminée alikataa katakata kuamkiwa na wazee. Akapita dawati kwa dawati, shikamoo, shikamoo, nao wakijibu marahaba. Robo saa ya somo iliishia hapo. Na walijifunza vizuri mno, hata polisi wa barabarani kule akaanza kuongoza magari kwa Kiswahili...

"Muzehe Gasana, huyo polisi umemtoa wapi?"

Huyo mnayemsikia ni Mutoni, mdogo wake marehemu. Nilimwalika atoe neno la familia. Kumbe amekuja na bahasha.

"Yumo kwenye barua, binti yangu."

"Barua ninazo hapa. Zote. Hayumo."

Haya. Inabidi nieleze. Siku zile nilikuwa karani wa posta. Shule niliachia darasa la tano, mengine nilijisomea kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Mama yao, Mama Akimana, hakujua kusoma. Kwa hiyo barua za Illuminée nilimsomea mimi, na majibu niliandika mimi. Majirani walikuwa wakijaa uani kusikiliza. Barua fupi, watu wengi! Nikaanza kutia viungo. Polisi wangu alizaliwa hapo. Mama Akimana alicheka mpaka akajishika mbavu.

Ndipo ikaja barua ya Februari. Illuminée anaomba kurudi nyumbani. Nikatazama uani. Watu wameshakaa, wananingoja. Nikasoma kwamba amepewa gari.

"Gari?" Mutoni ananiuliza.

"Jekundu."

"Yewe! Hata rangi!"

Mama Akimana alipiga vigelegele. Akasema, mwambie akae huko, amalize masomo yake. Gari sikuliandika, ningejiumbua. Nikaandika neno moja tu: Kaa.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, ili lisimpite mtu. Mtoto aliomba kurudi. Akajibiwa: Kaa. Na mama yake hakujua ameombwa nini.

Illuminée alikaa miaka mitano. Mama Akimana alikufa katika mwaka wa pili. Mtoto alirudi kwenye kaburi.

"Dada alikuwa akiniambia," Mutoni anasema, "mama alitupenda, lakini mwaka ule moyo wake ulikuwa jiwe. Alikufa akiamini hivyo, muzehe. Wiki iliyopita!"

Ningeweza kumwambia Illuminée. Aliporudi alikuwa akifundisha Kiswahili hadi madereva wa moto, pikipiki za abiria, pale Sonatubes, wakingoja abiria, daftari juu ya tanki la mafuta. Nikipita ananiita, "Shikamoo, muzehe wa posta!" Najibu, nakaza mwendo. Miaka ishirini nakaza mwendo. Jana kwenye matanga watu wakausifu ushupavu wa Mama Akimana, kwamba alimlea mwalimu kwa neno moja. Nami nikapiga makofi.

Kwetu aliyekosa hutoa icyiru, fidia ya kosa. Namwahidi Mutoni kreti mbili za bia.

"Bia kunywa mwenyewe. Icyiru yako ni hii barua ya Februari. Isome. Kama ilivyo, watu wote wasikie."

Basi kwa familia ya Kabagwira, poleni. Silitoi neno hili kama mtangazaji, nalitoa kama mtu aliyewakosea. Nanyi mlio majumbani, kama mtu amewakabidhi maneno yake mumpelekee mwenzake, yapelekeni yalivyo. Yapelekeni wote wawili wangali hai. Mimi nimechelewa kwa wote wawili.

Nalipa sasa. Nasoma.

"Mama, huku jua linatoka halina joto. Nafundisha watu kusalimiana, lakini tangu Jumapili hakuna aliyenisalimu mimi. Nataka kurudi, hata bila diploma. Najua watu watacheka. Ukisema njoo, nitakuja. Mwanao, Illuminée."

Mnisamehe, miwani imeingia ukungu.

"Geuza, muzehe. Kuna nyuma."

Nageuza. Huku sikuwahi kufika.

"Mama, msalimie huyo anayekusomea. Mwambie asante. Bila yeye usingenisikia."