Mama Wosia, Aliyetufundisha Kufa kwa Majaribio

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Wosia anatimiza miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya mawakili, na anastaafu. Kazi yote anayoijua nilimfundisha mimi.

Haya, ni uongo. Mimi ni tarishi tu, na shule niliiacha kabla haijanizoea. Nilichomfundisha siku ya kwanza ni kwamba mlango wa choo haufungiki mpaka uusukume kwa goti. Sheria alikuja nayo mwenyewe.

Alipewa chumba cha nyuma, kile ambacho dirisha lake linatazama mabomba ya jirani. Wateja walimjia kwa kunong'ona kama watu wanaonunua dawa ya minyoo, maana wengi wanaamini ukiandika wosia umempa Izraili anwani yako. Mama Wosia huwauliza: kwani sasa hivi hajui unapokaa? Familia zilileta nyumba, maduka na vinyongo. Aliwagawia vyote isipokuwa vinyongo. Vinyongo, husema, kila mtu azikwe na vyake.

Lakini kilichompa jina ni kifo cha majaribio. Mwenye biashara akija kifua mbele, akijigamba kwamba mambo yote yako kichwani mwake, Mama Wosia humwamuru afe siku tatu. Simu anaiacha nyumbani, kazini haonekani, na familia inaambiwa iendeshe mambo kana kwamba keshazikwa. Baada ya hapo ndipo wosia unaandikwa.

Mnamkumbuka mwenye bekari ya kona. Moyo wake ulikuwa mbovu, na mtoto wake wa kiume na wa kike hawasalimiani, kila mmoja akilisubiri tanuri liwe lake. Mzee angekufa hivi hivi, bekari ingepasuliwa vipande na wafanyakazi wangerudi makwao na aproni zao. Basi akafa kwa majaribio, na kwa kuwa marehemu lazima alazwe mahali, akalazwa kwangu. Sijapata kuona maiti inayokoroma vile. Na kula je!

Asubuhi ya kwanza mtaa mzima hauna mkate. Marehemu akajipapasa mfukoni: ufunguo pekee wa stoo ya unga kafa nao! Akaazima simu yangu, akampigia Mama Wosia.

"Mwanangu, niruhusu niwapelekee ufunguo tu."

"Ukifa kweli utawapelekea?"

"Wateja wananitukana!"

"Vumilia, mzee. Marehemu hapigi simu. Lala."

Siku ya pili watoto waligombana mpaka barabarani, kila mmoja akimwambia mwenzake avunje kufuli yeye, maana hakuna aliyetaka lawama. Alfajiri ya tatu harufu ya mkate ikaingia dirishani kwangu. Walikuwa wamevunja kufuli pamoja. Mzee akanituma nikanunue, akatafuna, machozi yakamtoka. Nikadhani ni furaha.

"Wapumbavu hawa," akasema. "Mkate wao mzuri kuliko wangu."

Akafufuka akiwa amenuna, na wosia ukaandikwa kwa hasira hiyo hiyo: bekari moja, isigawanywe, watoto wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Alipokufa bila majaribio, foleni ya asubuhi ilikuta mkate wa moto kama kawaida. Dada mtu alikuwa anaufunga kwenye karatasi, kaka mtu anapokea pesa, wote wanalia bega kwa bega. Mama Wosia alinunua mmoja, akaenda nao chumba cha nyuma, akafunga mlango. Hatukumgongea.

Ahsante, Mama Wosia. Nenda ukale, ukalale, ukachoshwe na wajukuu. Tunakuombea siku ndefu zenye raha, na kufa usikukimbilie. Wewe ulishafaulu somo hilo.

Ila kuna deni dogo. Kila ulipokosa shahidi, uliniita mimi, nikatia sahihi yangu ile kama kuku aliyekanyaga wino, na hata siku moja sikukuomba soda. Tangu tulipomzika mwenye bekari nimeacha kujifanya kwamba mimi sitakufa, na wosia wangu nimeshauandika. Shahidi wa kwanza ninaye. Wa pili njoo uwe wewe, Ijumaa, kabla hotuba hazijaanza. Ni sahihi moja tu, mwanangu. Kalamu naleta mimi.