Mama Vibanio Anaaga Kona ya Michezo

Leo, tarehe thelathini Novemba, mwenzetu anastaafu baada ya kufundisha darasa la awali miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba kimoja cha mwisho kwenye korido, kile chenye viti ambavyo mtu mzima akikaa magoti yanamgusa kidevu. Jina lake liko kwenye faili la ofisi. Sisi tunamjua kama Mama Vibanio.

Jina hilo alilipata kihalali. Hakuna kibanio cha nguo kilichosalimika shuleni hapa. Taulo za jikoni zikianguka, mpishi hakuulaumu upepo. Alikwenda moja kwa moja darasani kwake na kuvikuta vibanio vimepangwa kwenye ukingo wa boksi na vidole vya watoto wa miaka minne. Na mwandiko wake mwenyewe? Tuseme ukweli: kuku mwenye matope miguuni angeandika vizuri zaidi. Ripoti zake husomwa na katibu muhtasi wetu, ambaye kwa bahati nzuri aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

Ila kuna mwaka ambao hatukucheka. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanafinyanga udongo na kutunga shanga huku wenzao wa shule jirani wameshajaza madaftari. Mwalimu mkuu wa wakati huo akampa muhula mmoja: watoto waandike majina yao, la sivyo kona ya michezo igeuzwe stoo. Aliyelalamika kuliko wote alikuwa fundi cherehani. Binti yake aliwahi kuungua mkono kwa uji, vidole vikakakamaa, na kila akishikishwa penseli alilia.

Mama Vibanio hakubishana. Aliwaita wazazi Jumamosi, akawakalisha kwenye vile viti, akawaomba waandike majina yao kwa mkono wasiouzoea. Zikapita dakika kumi za kuhema na kufuta. Fundi, ambaye mishono yake hunyooka kama rula, aliandika herufi zilizolaliana kama walevi. Ndipo mwalimu akasema kwa upole, “Mkono wa mtoto ndivyo unavyojisikia. Tuuache kwanza ucheze upate nguvu, halafu ndiyo tuudai kuandika.” Jumatatu fundi alileta mfuko wa vifungo na vipande vya vitambaa.

Kwa wiki nane yule binti alianika nguo za mwanasesere kwenye kamba. Mwanzoni alifungua kibanio kwa mikono miwili akisaidiwa na meno. Asubuhi moja akakifungua kwa vidole viwili, akatazama huku na huku kama aliyeiba kitu. Mwisho wa muhula aliandika jina lake, herufi moja ikitazama nyuma. Baba yake aliiomba ile karatasi, na mpaka leo imebandikwa ukutani juu ya cherehani. Mwalimu mkuu alimtuma seremala aongeze rafu kwenye kona ya michezo.

Mume wake ametuomba kwa siri tumwongezee walau mwaka mmoja, maana anahofia kwamba mkewe akikaa nyumbani atapekua droo zake kutafuta vitu vya kuchezea. Tumeshindwa kumsaidia.

Jana, siku yake ya mwisho darasani, watoto waliomba kumfunga kamba za viatu. Alifika kwenye kikao chetu amechelewa dakika arobaini, akitembea kama bata, kwa kuwa kiatu cha kushoto kilifungwa pamoja na cha kulia. Tulipoinama kumfungulia alikataa, akasema wamehangaika sana.

Asante, mwalimu, kwa kila mkono ulioungoja. Tunakuombea afya, furaha na maisha mema.