Bi Edelmira na Puto Lililovuka Mpaka

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutazama juu kwa ajili yetu sote, Bi Edelmira Barría anastaafu tarehe 31 Oktoba katika kituo cha kupima ozoni, Punta Arenas, mji wa kusini kabisa karibu na mpaka wa Argentina.

Alianza kazi miaka michache baada ya mataifa kukubaliana mjini Montreal kuachana na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikiila ozoni. Mkataba ulihitaji ushahidi, na ushahidi ulihitaji mtu wa kusimama kwenye baridi ameshika puto kubwa kuliko yeye, kipimo kikining'inia chini yake. Huko juu puto huvimba kama nyumba, hupasuka pasipo mtu kusikia, na kipimo huteremka kwa mwavuli mdogo katikati ya kondoo. Wachungaji wamekuwa wakimrudishia vipimo hivyo kama watu wanaorudisha sufuria ya jirani.

Wageni wote hukosea pale pale: huachia puto upepo unaponyamaza. Katika mji ambamo kamba hufungwa mitaani ili watu wazishike wasipeperushwe, upepo hunyamaza ili ugeuke. "Upepo ukipiga kelele, uamini," hutuambia. "Ukikaa kimya, ngoja."

Oktoba moja mwenzetu Gastón hakungoja. Puto letu la mwisho lilipasukia kwenye uzio, tundu la ozoni likiwa linafika juu ya mji na watoto wamezuiwa kutoka nje ya madarasa wasichomwe na jua. Vipimo vya siku hizo vingekosekana, pengo katika kumbukumbu zetu lisingezibika kamwe. Gastón alikaa juu ya ndoo akisema yeye ni wa kufukuzwa tu.

"Inuka, mwanangu," Bi Edelmira akamwambia. "Ndoo hiyo naihitaji."

Kisha akapiga simu Río Gallegos, upande wa Argentina. Kesho yake asubuhi Nahuel Ledesma wa kituo cha huko alifika mpakani na puto ndani ya boksi. Ofisa wa forodha akataka kulishika.

"Kijana, mafuta ya vidole vyako yataliua," alisema Bi Edelmira, aliyekwenda kumpokea mgeni. "Vaa glavu."

Ofisa akavaa, akakagua, akalipitisha. Soseji ya Nahuel akaizuia, maana nyama haivuki.

"Shangazi, mmeninyang'anya chakula changu!" Nahuel akalalamika.

"Huo ni mchango wa Argentina kwa mkataba. Twende."

Adhuhuri waliliachia pamoja, upepo ukipiga kelele. Lilipanda likawa lulu, likawa doa, kisha likawa anga. Vipimo vilikuja vyote kwa redio, na hadi leo mfululizo wetu wa takwimu hauna pengo.

Wataalamu wanatarajia tundu lipone miaka ya 2060, Bi Edelmira akiwa amepita miaka mia. "Nitakuja kukagua," anasema.

Siku ya kuagana ataachia puto moja zaidi. Nahuel atakuwepo, soseji tumeshanunua upande huu. Saa ya sherehe itatangazwa na upepo.

Asante, Bi Edelmira. Tunakutakia maisha mema, na marefu ya kutosha kwa ukaguzi huo.