Kaseti ya Njano ya Ildefons Kashaija

Ildefons Kashaija alizaliwa Kashozi tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa Ta Bartholomayo Kashaija na Ma Adventina. Miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wake Mwijage, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na ambaye marehemu alimwomba asifiche kitu.

Alisoma shule ya msingi hapa Kashozi, 1967 hadi 1973. Januari 1979 alikwenda vitani Uganda, akafundishwa huko kutengeneza redio za jeshi. Aliporudi Agosti, Ta Bartholomayo alichinja mbuzi na olubisi, pombe ya ndizi, ikanywewa siku tatu. Mwijage, aliyebaki akipalilia migomba na kuchuma kahawa peke yake, alikula nyama ile ikamkaa kooni. Wivu wake ulianzia hapo.

Marehemu alifungua duka la ufundi wa redio Bukoba mjini. Tarehe 11 Juni 1983 alifunga ndoa na Bernadina, binti wa Kamachumu, Muleba, wakajaliwa watoto wawili, Bernadeta na Kaijage.

Mwaka 1991 alileta kutoka Kampala mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kaseti zake. Moja ilikuwa ya njano, isiyo na jina wala nembo, iliyotengenezwa na watu wasio na kibali cha kampuni iliyounda mashine. Ilikuwa gemu ya mashindano ya boti. Haikuingia vizuri, akaipiga tupa na kuichomea upya hadi ikacheza. Bukoba nzima haikuwapo nyingine, na watu walitoka hata Muleba kuja kuicheza. Mwijage naye alifungua kibanda upande wa pili wa barabara, na kaseti tatu ambazo kila mtu alikwisha kuzichoka.

"Kaka, niazime ile ya njano, wiki moja tu," alimwomba.

"Hiyo haitoki hapa. Ukitaka, njoo ucheze."

Aliambiwa kama mtoto, mbele ya wateja wa kaka yake.

Bernadina alifariki tarehe 2 Desemba 1993. Tukiwa bado kwenye matanga, Mwijage alipewa funguo akachukue viti dukani. Alichukua viti, akachukua na kaseti. Kisha akagundua kwamba hawezi kuicheza popote, kwa kuwa mji mzima unaijua. Akampa Mashauri, mvuvi wa kisiwani Goziba mwenye jenereta na mashine ya gemu.

Mwaka 1995 habari kwamba kaseti iko Goziba ilimfikia marehemu. Alikuwa amekonda, lakini alimwomba Mwijage amsindikize, wakapanda boti. Kambini Mashauri aliwapokea kwa furaha.

"Si huyu mdogo wako aliyeniletea?"

Mwijage alitazama chini.

"Ndiye," marehemu alisema. "Nilimtuma mimi."

Alicheza na wavuvi mzunguko mmoja, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Kaseti akawaachia.

Wakirudi, Mwijage alimuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu matanga. Funguo ulikuwa nazo wewe."

"Mbona hukusema?"

"Wanangu utawalea wewe. Nikikuita mwizi mbele ya ukoo, nani atakukabidhi? Na usidhani una wivu peke yako. Mimi nikikutazama ulivyo na nguvu, roho inaniuma. Kaijage akioa, utakuwapo. Bernadeta akimaliza shule, atakuletea wewe cheti. Nakuonea wivu, Mwijage, mpaka silali."

Mwijage alivua koti lake akamfunika.

Marehemu aliagiza tusiseme tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Alikuwa na UKIMWI, ugonjwa uliomchukua pia Bernadina. Aliuguzwa na mama yake hapa nyumbani, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 1996, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita.

Ameacha wazazi wake, Ta Bartholomayo na Ma Adventina. Mdogo wake Mwijage. Na watoto wake, Bernadeta, miaka kumi na mmoja, na Kaijage, miaka minane. Kuanzia leo watoto hawa wanakaa kwa Mwijage, naye anawaomba ninyi nyote mliosimama hapa mmwangalie atakavyowalea.

Kaka Ildefons, Mungu akupe pumziko lenye amani.