Nilipoachia Kitufe cha Redio

Sifa na utukufu kwa Bwana, wapendwa! Mie ni Neema wa kwaya, hapahapa Temeke. Wengi mnanijua kwa kuomba kwa sauti mpaka majirani wanafunga madirisha. Nasimama kwa shukrani, ila moyo bado unaniuma.

Ndugu zangu, najifunza urubani. Kupaa hakujanipa shida hata siku moja. Shida ilikuwa kutua! Nikiwa na mwalimu wangu, Kapteni Shomari, mzee wa Kigamboni, ndege ilitua vizuri. Nikiachiwa peke yangu, ilidunda kwenye lami kama mpira. Kila siku aliniambia, "Mwanangu, ikidunda usilazimishe. Ongeza moto wa injini, upae tena." Nikawa namwitikia tu, maana kanisa zima mlikuwa mmefunga na kuomba nitue bila kurudia. Kupaa tena niliona ni kukosa imani. Jamani, ujinga!

Siku hiyo nilikuwa peke yangu ndegeni, Kapteni yuko chini na redio yake, na nikitua upepo ulinisukuma pembeni. Ndege ikadunda. Nikaukamata usukani kwa nguvu zote, nikaanza kukemea, "Kwa jina la Yesu, tua!" Ikadunda tena, juu zaidi, pua ikainama. Nikazidi kupaza sauti. Sikujua kwamba kidole changu kimebana kitufe cha redio, kipo palepale kwenye usukani. Ukikibana, wewe unasikika, lakini husikii mtu. Kapteni yuko chini ananiita, na maombi yangu yamemziba mdomo!

Pumzi ikaniishia. Kidole kikaachia kile kitufe. Ndipo nikasikia, "Paa, Neema! Paa!" Nikaongeza moto, nikapaa. Nikazunguka huku nalia, nikatua salama. Haleluya!

Nilimkuta Kapteni amekaa kwenye nyasi. Akasema, "Mwanangu, mie nilikuwa namwomba Mungu akunyamazishe kidogo tu."

Ndugu zangu, maneno hayo yananichoma hadi leo. Mzee wa watu alinisikia nikienda kufa, na hakuwa na njia ya kunifikishia neno. Nimemwomba radhi, amecheka, amesema yamekwisha. Kwangu hayajakwisha. Najuta sana.

Maana Mungu alishajibu kabla sijamaliza kuomba. Alijibu kwa sauti ya mzee Mwislamu wa Kigamboni, na mwenye kelele nilikuwa mimi. Basi mtumainini Bwana, wapendwa. Ombeni, tena kwa sauti! Ila mkishasema amina, nyamazeni mumsikie.